Plagi na waya zake: soma namba kabla ya kununua

Niliwahi kununua plagi nne zilizofanana kwa kila kitu na zile nilizotoa kwenye injini, isipokuwa herufi moja. Soketi ileile ilizishika. Unene wa thredi ulikuwa uleule, kauri nyeupe ileile, hata boksi lilikuwa na rangi zilezile. Bahati yangu ni kwamba nilizilaza juu ya kitambaa kabla ya kuzifunga, kuukuu na mpya ubavu kwa ubavu, na hapo jicho likaona kitu ambacho mkono haukuhisi: sehemu yenye thredi kwenye plagi mpya ilikuwa ndefu zaidi kwa milimita 6 na ushei. Kuukuu zilikuwa na thredi za milimita 12.7, mpya zilikuwa za milimita 19. Ningezifunga, ncha zake zingening'inia ndani ya silinda, na pistoni ikipanda ingeweza kuzigonga mara ya kwanza tu ninapowasha gari.

Hazikuwa plagi mbovu. Zilikuwa plagi nzuri sana za injini nyingine. Tangu siku ile, mtu akiniuliza plagi ipi ni nzuri, nami humuuliza: ya injini gani? Mazungumzo ya kununua plagi huanza na iridiamu, platinamu, ncha nne, waya nene nyekundu, na mara nyingi huishia hapohapo, ilhali swali lenyewe lilishajibiwa na waliobuni injini. Jibu lao limo kwenye kitabu cha gari, na kwenye magari kadhaa limebandikwa pia chini ya boneti, likiwa limefupishwa kuwa herufi na tarakimu chache. Kazi ya mnunuzi ni kuzisoma, na kujua wapi anaweza kubadilisha kitu na wapi hana ruhusa.

Plagi inafanya nini humo ndani

Betri hutoa volti 12. Koili huzipandisha hadi zaidi ya volti 20,000, na umeme huo husafiri kwa waya, au moja kwa moja kama koili imekaa juu ya plagi, mpaka kwenye ncha ya kati. Hapo njia inakatika. Kati ya ncha ya kati na ile ya pembeni kuna mwanya mdogo, kwa kawaida kati ya milimita 0.7 na 1.1, na umeme hauna budi kuruka. Mruko huo ndio cheche, na cheche ndiyo inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwashwa mara 25 kwa sekunde. Mara 25 plagi inapigwa na moto na shinikizo, kisha inapozwa na hewa mpya inayoingia, kisha inapigwa tena. Si ajabu basi kwamba vyuma vyake huliwa kidogo kidogo. Ajabu ni jinsi inavyodumu.

Mfumo huu wa volti kubwa si wa jana. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch, alikamilisha magneto ya volti kubwa, yaani jenereta ndogo ya kuzalisha umeme wa cheche, iliyofanya kazi pamoja na plagi, na umbo la msingi bado ni lile: chuma nje, kihami kisichopitisha umeme katikati, ncha mbili zinazotazamana. Kilichobadilika ni vipimo na madini. Na vipimo ndivyo vinavyowapoteza watu.

Kusoma herufi na tarakimu

Tuchukue plagi moja inayojulikana karibu kila gereji: BPR6ES ya kampuni ya NGK. Herufi B inasema kipenyo cha thredi ni milimita 14, na kichwa chake cha pembe sita kinahitaji soketi ya milimita 20.8. P inasema kauri ya ncha imejitokeza nje ya ganda la chuma. R inasema ndani kuna rezista, kipande kinachokinza umeme. Tarakimu 6 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa thredi, milimita 19. S ni muundo wa kawaida wa ncha. Badilisha E iwe H, upate BPR6HS, na urefu wa thredi unashuka hadi milimita 12.7. Hiyo ndiyo herufi moja ambayo nusura iue injini yangu.

Kosa la upande wa pili lina madhara yake pia. Plagi fupi ikifungwa kwenye tundu refu, cheche inatokea ndani ya kishimo badala ya katikati ya mchanganyiko, mwako unakuwa mvivu, na thredi za kichwa cha silinda zilizobaki wazi zinajaa kaboni ngumu. Siku utakapotaka kurudisha plagi sahihi, haitaingia bila kusafisha thredi kwanza.

Magari mengi ya baadaye yanatumia plagi ya thredi zilezile za milimita 14 lakini yenye kichwa kidogo cha soketi ya 16; kwa NGK hizo huanza na BK, kwa mfano BKR6E. Nyingine zimeteremka hadi thredi za milimita 12. Ukiona mwishoni pameongezwa 11, kama BKR6E-11, hiyo inamaanisha mwanya umepangwa milimita 1.1.

Kisha kuna kitako. Plagi nyingi zina wosha inayobonyea zinapokazwa. Nyingine hazina wosha. Zina kitako cha mteremko kama koni ambacho hukaa kwenye mteremko wa kichwa cha silinda. Aina hizi mbili hazibadilishani kabisa, hata kama thredi ni zilezile, kwa sababu gesi ya mwako itapita pembeni.

Thredi, urefu na kitako hayana mjadala. Ukifika kwenye kiwango cha joto mjadala unaanza, na hapo ndipo nimesikia maelezo mengi zaidi yaliyopinda.

Plagi ya moto na plagi ya baridi

Watu husema plagi ya moto ina cheche kali. Sivyo. Cheche haihusiki hata kidogo. Moto na baridi vinaeleza jinsi plagi inavyoondoa joto lililoingia kwenye ncha yake. Tazama plagi kwa chini, mahali ambapo kauri inaonekana ndani ya ganda la chuma. Kwenye plagi ya moto, pua ya kauri ni ndefu. Joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye chuma na kutoka kupitia kichwa cha silinda, kwa hiyo ncha inabaki na joto. Kwenye plagi ya baridi pua ni fupi, joto linatoka haraka.

Kwa nini basi tusichague zote baridi tuwe salama? Kwa sababu ncha inatakiwa ifike nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yanayoigandia. Ikibaki chini ya hapo, masizi yanajikusanya juu ya kauri. Kaboni hupitisha umeme, na kidogo kidogo umeme unapata njia rahisi ya kutambaa juu ya kauri hadi kwenye ganda badala ya kuruka mwanya. Gari linaanza kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka mara moja moja, hasa likitumika safari fupi fupi ambazo injini haipati muda wa kupata moto.

Upande wa juu ni hatari zaidi. Ncha ikipita nyuzi 850 hivi, inaanza kukaribia hali ya kuwasha mchanganyiko yenyewe kabla ya cheche, kama kaa la moto lililosahaulika humo ndani. Pistoni inakuwa bado inapanda wakati moto unaisukuma chini. Hali hiyo inaweza kutoboa pistoni ndani ya dakika chache za mwendo mkali. Ndiyo maana mtu akibadilisha kiwango cha joto bila sababu, heri akosee kuelekea baridi kuliko kuelekea moto: masizi yanasafishika.

Sasa angalia jinsi kampuni zilivyokorofisha jambo. Kwa NGK na Denso, tarakimu ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, tarakimu ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Plagi zinazochukuliwa kuwa sawa na BPR6ES ni W20EPR-U ya Denso, WR7DC ya Bosch na RN9YC ya Champion. Yaani 6, 20, 7 na 9 ni kitu kilekile kwa lugha nne. Mtu aliyezoea NGK akaambiwa kuna Bosch 6 na Bosch 7 anaweza kuchukua 6 akidhani ndiyo pacha wake, kumbe kaenda hatua moja kwenye baridi. Na akiamua kushuka hadi 5 akitafuta joto zaidi, atakuwa anakimbilia asikotaka. Kwa hiyo unapohama kampuni usihamishe tarakimu. Tafuta jedwali la ulinganisho la kampuni unayohamia, au bora zaidi, anza upya kwa aina ya injini na mwaka wa gari.

Ni nani anayehitaji kubadilisha kiwango? Aliyebadilisha injini yenyewe: kaongeza tabo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi), kapandisha mkandamizo, au anakimbiza gari kwenye mashindano. Huyo hushuka hatua moja kwenye baridi, wakati mwingine mbili. Gari la kwenda kazini na kurudi linabaki pale lilipowekwa.

Nikeli, platinamu, iridiamu

Kwanza tuondoe neno moja linalochanganya. Plagi inayoitwa ya shaba haina ncha ya shaba. Shaba iko ndani, kama kiini cha kusafirisha joto, na karibu plagi zote za kisasa zina kiini hicho, hata zile za bei kubwa. Ncha ya plagi ya kawaida ni ya mchanganyiko wa nikeli.

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, platinamu 1,768, iridiamu zaidi ya 2,400. Tofauti hiyo ndiyo hadithi yote. Kwa kuwa iridiamu inastahimili, mtengenezaji anaweza kuifanya ncha iwe nyembamba sana, hata milimita 0.4 au 0.6, wakati ncha ya nikeli ina unene wa milimita 2.5 hivi. Umeme huruka kwa urahisi kutoka kwenye ncha kali kuliko kutoka kwenye ncha butu, hivyo plagi ya iridiamu inahitaji volti pungufu kutoa cheche, na koili inapumua. Inadumu pia. Plagi ya nikeli huhesabiwa kilomita 30,000 hadi 50,000 hivi. Zile za platinamu na iridiamu kwenye magari yaliyoundwa kwa ajili yake hufika 100,000 na zaidi.

Lakini nguvu? Kama injini ni nzima na plagi za nikeli bado zina ncha zenye pembe kali, usitegemee gari likimbie zaidi kwa sababu ya iridiamu. Mchanganyiko ukishawaka, umewaka. Wanaosema waliona tofauti kubwa mara nyingi walitoa plagi zilizochakaa, na plagi yoyote mpya na sahihi ingewapa furaha ileile.

Kinyume chake kina uzito zaidi kwangu. Gari lililotoka kiwandani na iridiamu likiwekewa nikeli ili kuokoa fedha, litawaka na kwenda vizuri. Ila mwenye gari anaendelea kuhesabu kilomita 100,000 za kitabuni, na hizo plagi zilitakiwa kutoka kabla ya nusu ya safari. Mwanya unapanuka, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kila mwezi, na siku moja koili ndiyo inayokufa. Kwenye baadhi ya injini za V6, kuzifikia plagi za nyuma kunataka manifodi nzima ya hewa iondolewe. Hapo hesabu ya plagi rahisi inageuka, kwa sababu kazi ya kufungua inazidi thamani ya plagi yenyewe.

Kuna kisa kimoja ambapo aina ya madini ni lazima, na wengi hawakijui. Baadhi ya injini zina koili moja kwa silinda mbili, na koili hiyo hupiga cheche mbili kwa pamoja: moja kwenye silinda iliyo tayari kuwaka, nyingine kwenye mwenzake inayotoa moshi. Umeme unatoka kwenye koili, unapita plagi ya kwanza kutoka kati kwenda pembeni, unapita kwenye chuma cha injini, na kurudi kupitia plagi ya pili kutoka pembeni kwenda kati. Kwa hiyo nusu ya plagi zinaliwa ncha ya kati na nusu zinaliwa ncha ya pembeni. Injini za namna hii zinataka plagi yenye madini magumu pande zote mbili. Ukiweka yenye platinamu upande wa kati tu, plagi mbili kati ya nne zitachakaa kama za kawaida. Ukitoa plagi kuukuu na kukuta mbili zimelika juu na mbili zimelika chini, si ugonjwa. Ni mfumo huo.

Plagi zenye ncha mbili, tatu au nne za pembeni hazitoi cheche tatu au nne. Cheche moja huruka, ikichagua ncha iliyo rahisi wakati huo. Faida yake ni kugawana uchakavu. Kama gari lilikuja nazo, zirudishie. Kama halikuja nazo, hakuna pengo la kuziba.

Mwanya na rezista

Plagi mpya huja na mwanya uliopangwa, lakini boksi huanguka, na plagi iliyoangukia ncha hubanwa bila kuonyesha alama. Pima kila moja kwa geji ya waya ya mviringo. Kama ni ya nikeli na inahitaji marekebisho, pinda ncha ya pembeni tu, taratibu. Ya iridiamu usiichokoe kamwe kwa kutumia ncha ya kati kama egemeo. Ile sindano hukatika au hulegea, na hutaiona mpaka injini imisi. Pia ikianguka sakafuni kwa kishindo, mimi huiweka kando. Kauri hupata ufa mwembamba kama unywele ambao umeme utauona kabla yako.

Rezista, ile R, ina ukinzani wa omu 5,000 hivi. Ipo ili kunyamazisha kelele za umeme ambazo kila cheche hurusha hewani. Zamani kelele hizo zilisikika redioni tu. Sasa gari lina kompyuta inayosoma vihisi vya millivolti, na kelele hizo zinaweza kuivuruga. Gari linalotaka R lipewe R.

Rezista inasaidia pia kutambua bandia. Weka multimita kati ya kichwa cha juu cha plagi na ncha ya kati: plagi yenye R inatakiwa ionyeshe elfu kadhaa za omu, na plagi nne za boksi moja zisipishane sana. Nikikuta moja inasoma sifuri na nyingine elfu kumi na tano, hata kama maandishi yanang'aa, sizifungi. Angalia na ncha: iridiamu halisi ni sindano iliyochomelewa kwa usafi katikati kabisa, si kijiti cha chuma kilichochongwa kikawa chembamba.

Waya: nusu ya pili ya njia

Sasa waya, ambazo watu huzikumbuka mwisho. Kama gari lako lina koili juu ya kila plagi, huna waya ndefu. Una kofia ya mpira yenye springi ndani, na karibu yote nitakayosema kuhusu ufa na njia ya kaboni yanaihusu kofia hiyo. Wengine wenye distributa, kile kigawanyaji cha umeme kwa kila silinda, au koili za pamoja wana waya zinazopita juu ya injini, na hizo zina umri wake.

Watu wengi hudhani ndani ya waya ya plagi kuna nyaya za shaba kama za taa. Kwenye baadhi zipo, na hapo ukinzani huwekwa kwenye kofia za miisho. Lakini waya nyingi za kawaida zina uzi wa nyuzinyuzi uliolowekwa kaboni. Aina ya tatu ina waya mwembamba wa chuma uliozungushwa kama springi kwenye kiini; ukinzani wake ni mdogo, inazuia kelele za redio kwa ule mzunguko wake, na inavumilia miaka zaidi kuliko kaboni, ambayo hukatika ndani kwa ndani ukiivuta vibaya. Kwa gari la kawaida, aina yoyote inayolingana na kitabu inatosha. Waya ya shaba tupu isiyo na ukinzani popote haifai kwenye gari lenye kompyuta.

Kuhusu unene, ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapo: waya ya milimita 8 au 10 haipitishi cheche kubwa kuliko ya milimita 7. Unene wa nje ni mpira wa kihami. Unaweza kusaidia waya kustahimili joto karibu na manifodi ya moshi, lakini pia unaweza kuizuia isiingie kwenye vishikio vyake, ikaishia kulala juu ya chuma cha moto. Kilicho muhimu ni mpira uwe wa silikoni, miisho iwe sahihi kwa plagi na koili yako, na kila waya iwe na urefu wake. Ikizidi inaning'inia na kusuguana. Ikipungua inavutwa kila injini inapotikisika.

Kuipima, toa waya ulipime kwa multimita mwisho hadi mwisho. Waya za kaboni husoma maelfu ya omu, na ndefu husoma zaidi ya fupi kwa kadiri ya urefu. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa kimo kwenye mwongozo wa gari. Hata bila kitabu, waya moja inayosoma mara tatu ya jirani yake wa urefu uleule imejitaja yenyewe.

Multimita haioni kila kitu, lakini. Inapima kwa volti chache, wakati waya inabeba maelfu. Kihami chenye tundu dogo kama la sindano kitapimwa kizima. Kwa hilo hakuna kipimo kizuri kama giza. Usiku, zima taa zote, washa injini, fungua boneti na simama kando bila kugusa chochote. Waya mbovu inaonyesha nyuzi za buluu zinazorukia chuma cha karibu, na ukitega sikio utasikia tik, tik, tik inayofuata mwendo wa injini. Mara ya kwanza nilipoiona, ilikuwa kwenye gari lililokuwa likimisi siku za mvua tu. Mchana waya zilionekana nzima. Usiku, nikipuliza ukungu wa maji kidogo kutoka mbali, moja ikawaka kama mshumaa mdogo kwenye kona iliyokuwa ikisugua bano la bomba.

Na hapa ndipo plagi na waya vinapokuwa kitu kimoja. Umeme ukishindwa kuruka mwanya, kwa sababu mwanya umepanuka au plagi imechafuka, unatafuta njia nyingine. Mara nyingi hutambaa nje ya kauri, chini ya kofia ya mpira, kutoka juu hadi kwenye ganda. Njia hiyo inaacha mstari mweusi mwembamba wa kaboni juu ya kauri, kama umechorwa kwa penseli, na mstari pacha ndani ya kofia. Kaboni hiyo sasa ni barabara. Ukibadilisha plagi peke yake, mstari uliobaki ndani ya kofia utaharibu plagi mpya. Ukibadilisha waya peke yake, mstari wa kwenye kauri utatoboa kofia mpya. Ukiona mstari, toa vyote viwili vya silinda hiyo.

Usiuchanganye mstari huo na doa la kahawia linalozunguka kauri pale inapokutana na chuma. Doa hilo hutokana na chembe za mafuta zilizovutwa na umeme mkali unaozunguka kauri. Wengi huliona wakadhani gesi inavuja. Halina neno.

Ukikuta kofia imeloa oili, plagi mpya haitatibu. Oili imeshuka kwenye shimo la plagi kupitia sili za kifuniko cha vali, na oili hulainisha mpira mpaka unavimba. Badilisha sili kwanza, ukaushe shimo, ndipo ufunge plagi na waya mpya. Kwa distributa, fungua pia kifuniko chake uangalie ndani: miguu iliyolika na ufa mwembamba huko huleta dalili zilezile ambazo mtu huzihangaikia kwa kununua waya.

Kwenye koili za juu ya plagi, kabla ya kununua chochote, hamisha. Kompyuta ikitoa msimbo P0302, silinda ya pili inamisi. Peleka koili ya pili kwenye silinda ya tatu na ya tatu kwenye ya pili. Msimbo ukiwa P0303, koili imehamia na ugonjwa wake. Ukibaki P0302, tazama plagi, kisha mengine. Ila usiendeshe wiki nzima ukitafakari, maana petroli isiyowaka huenda kuungulia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha bomba la moshi, na kuiharibu.

Siku ya kufunga

Injini iwe imepoa. Thredi za kichwa cha aluminiamu ni laini kikiwa moto. Toa waya moja, plagi moja, funga mpya, rudisha waya, ndipo uende silinda inayofuata. Hivyo mpangilio hauwezi kukupotea. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini usitegemee kumbukumbu. Waya usiivute kwa shingo yake. Shika kofia, izungushe kidogo ili iachie, kisha vuta. Puliza uchafu kwenye shimo kabla plagi haijatoka, kwa sababu punje ya mchanga iliyoanguka ndani ya silinda haitoki kirahisi.

Zile zinazotoka zipange kwa namba za silinda uzisome. Rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu ni afya. Masizi makavu meusi yanasema petroli imezidi, au plagi ni baridi mno, au safari ni fupi mno. Weusi wa majimaji wa oili unaelekeza kwenye ringi au sili za vali. Kauri nyeupe yenye malengelenge imechemka. Silinda moja ikitofautiana na wenzake, chunguza silinda hiyo, usibadilishe plagi ukafunika.

Mpya ianze kwa vidole. Mimi huchomeka kipande cha mpira wa bomba kwenye kichwa cha plagi na kuizungusha nao: ikiingia vibaya, mpira unateleza badala ya kukata thredi. Ikishakaa, plagi mpya ya thredi za milimita 14 yenye wosha hukazwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana, au niutoni mita 25 hadi 30 ukiwa na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Yenye kitako cha koni inataka sehemu ya kumi na sita ya mzunguko tu, na hapo ndipo mikono yenye nguvu huvunja vitu. Thredi zisipakwe grisi kama mtengenezaji hajasema. Nyingi zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi hufanya plagi ikazwe zaidi ya inavyoonyesha spana. Grisi ya silikoni mahali pake ni ndani ya kofia ya mpira, kidogo tu, ili siku nyingine itoke bila kuchanika.

Rudisha waya kwenye vishikio vyake vya plastiki, kila moja mahali pake. Waya mbili zikilala sambamba kwa urefu, moja inaweza kuiamsha nyingine kwa sumaku ya umeme wake. Mafundi wa V8 za zamani za Chevrolet, zinazowaka kwa 1-8-4-3-6-5-7-2, huzitenganisha kwa makusudi waya za 5 na 7: silinda hizo ziko jirani na zinawaka zikifuatana, kwa hiyo cheche iliyopotea inaikuta ya 7 ikiwa tayari imejaa mchanganyiko. Kama ni lazima zikutane, zivuke kama msalaba.

Kisha subiri giza liingie, washa injini, uangalie waya zote ukiwa umezima taa. Zikiwa kimya, chukua kalamu isiyofutika, andika kilomita za gari na namba kamili ya plagi kwenye kipande cha utepe, ukibandike ndani ya boneti mahali pasipofikiwa na joto.